Inshirah na Vioo vya Mkahawa wa Zaghlul

Inshirah alikuwa mwanamke mfupi, na hilo lazima lisemwe mapema kwa sababu ndilo lililomsumbua kuliko yote. Hakuwa mfupi wa kuonewa huruma. Alikuwa mfupi wa kubishana. Wauza samaki wa Anfushi, alikozaliwa, walimjua kwa kidole chake, ambacho kilipita chini ya shavu la kila samaki kabla hajauliza bei, na hakuna aliyewahi kumuuzia samaki wa jana. Alipoolewa alihamia mtaa wa Kampi Shizari, na huko akaitwa Mama Wafaa, kwa jina la binti yake ambaye sasa yuko kwa mumewe mjini Damanhur. Ukiwauliza majirani watakuambia ana mdomo, ana mkono mzuri wa wali wa samaki, na akishasema kitu, kimesemwa.

Mumewe Gabir alikuwa fundi wa kuosha vioo, na katika Iskandaria hiyo si kazi ya kubeza. Bahari yetu haijui kukaa kwake. Kuanzia Novemba mpaka Machi inatuletea dhoruba zenye majina, moja baada ya nyingine: Ufagio, Kasim, Karam, Husum, Awwa. Kila moja ina siku zake, na tunazingojea kama mtu anavyongojea shemeji mlafi. Ikishaondoka, kila kioo kinachotazama maji kimevaa chumvi, na ndani ya chumvi kuna mchanga. Hapo ndipo fundi anapotafutwa.

Gabir alikuwa na mpira wake wa vioo. Mpini mfupi, reli ya shaba ndefu iliyopita upana wa mabega ya mkewe, na ndani ya reli ulimi mweusi wa mpira ambao ndio unaogusa kioo na kuyafagia maji. Alikuwa amebadilisha ulimi mara nyingi kuliko alivyobadilisha viatu, lakini reli ilikuwa ileile tangu ujana wake. Ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ulimi ukiwa hewani usiguse kitu. Inshirah alikuwa ameishi na mpira ule tangu arusi yake. Siku moja tu aliuteremsha ili apake ukuta rangi, akafokewa mpaka akaacha nusu ya ukuta bila rangi, kwa makusudi, na nusu hiyo iko hivyo hadi leo.

Sasa, mtu huyu aliyening'inia kwa kamba kwenye maghorofa ya watu, Mungu akamlinda, alikuja kuteleza kwenye ngazi za duka la dawa. Ngazi chache tu, na maji ya sabuni aliyoyamwaga mwenyewe. Bega la kulia lilivunjika vibaya. Likatiwa vyuma, likashonwa, na mwishowe mkono ukawa unapanda hadi kifuani na kuishia hapo. Daktari alimwita pembeni akamwambia jambo. Gabir alipotoka alimwambia mkewe kwamba daktari amesema ni suala la kuvumilia baridi ipite.

Basi wakavumilia. Gabir alikaa kwenye kochi akaangalia ukuta, na alipochoka na ukuta akamwangalia mkewe, na alipomchoka mkewe wakagombana. Wakati huo vioo vya mtaa vilikuwa vinageuka vyeupe.

Siku moja baada ya dhoruba ya Karam, Haji Zaghlul alikuja kumjulia hali, na mfuko wa machungwa mkononi. Zaghlul ndiye mwenye mkahawa ule mkubwa wa pale kwenye kona, wenye vioo vya kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, vyote vikitazama bahari. Ni mtu mpole, lakini upole wake una mwisho, na duka la dawa, na la mashati, na la miwani, na la vitamutamu, yote humtazama yeye kwanza. Fundi ambaye Zaghlul anamtaka, mtaa unamtaka. Fundi ambaye Zaghlul amemwacha, ana kazi ya kutafuta mtaa mwingine, na mtu mwenye mkono mmoja hatafuti mtaa mwingine.

"Pole, fundi. Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea. Baada ya wiki mbili niko kwako."

"Wiki mbili ulizisema kabla ya mwaka mpya."

"Basi wiki moja."

Zaghlul alimenya chungwa, akampa nusu. "Gabir, ndugu yangu, mimi sikusukumi. Lakini mtu anakuja kwangu kutazama bahari. Kama haioni, si chai anayo nyumbani kwake? Kuna jamaa wa mtaa wa Sidi Bishr ameshapita mara mbili kuuliza. Nimemwambia asubiri. Nitamwambia asubiri mpaka lini?"

Inshirah alitoka jikoni akikausha mikono kwa nguo yake.

"Jumapili vioo vyako vitaoshwa, Haji."

"Na nani?"

"Na nyumba hii."

Zaghlul alimtazama mwanamke, akamtazama mwanamume, akaona ni vizuri kuaga. Mlango ulipofungwa, Gabir alikuwa amewiva kwa hasira.

"Umesema nini wewe?"

"Umenisikia."

"Mwanamke juu ya ngazi, mbele ya mkahawa wa wanaume. Watasema Gabir amekufa."

"Tukikaa hapa tunatazamana watasema nini?"

"Nimesema nitarudi. Na sikufundishi, usijisumbue kuniuliza. Kazi ile si ya kupangusa meza."

Inshirah hakumwuliza. Kioo ni kioo, alijiambia, na amekuwa akisafisha vioo tangu ana meno ya utoto.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa namna ambayo ni mwanamke wa Anfushi tu angeweza. Mama yake alilelewa kwa taa ya chemli, na hakusafisha kioo chochote maishani bila kutia mafuta ya taa kidogo kwenye maji, kisha akakisugua kwa gazeti. Vioo vya nyumbani kwao viling'aa hata ndege wakavigonga. Inshirah alifikiri: vioo vya Zaghlul ni vikubwa mara kumi, basi na mafuta yawe mengi. Na kwa kuwa ulimi wa mpira ulikuwa umekaa miezi bila kazi na umekauka, Jumamosi aliuteremsha mpira Gabir alipolala mchana, akautumbukiza kwenye ndoo ya mafuta na maji, ili ulainike.

Ulilainika. Jumapili asubuhi ulikuwa umevimba na kujikunja kama nguo iliyotolewa majini, na yeye, hajui hili wala lile, akauona ni laini na mzuri, akaenda nao.

Alivaa buti za mumewe zilizojazwa soksi, akasimamisha ngazi, akapaka maji, akavuta. Ulimi uliruka ukaacha mistari. Akavuta tena, ikaongezeka. Kisha jua likatoka nyuma ya majengo likapiga kioo, na mafuta yakaonyesha rangi zote. Harufu ilikuwa imeshaingia ndani.

Labib, dereva wa tramu aliyestaafu, ambaye hukaa meza ya karibu na mlango tangu asubuhi na hajawahi kushindwa kuwa na maoni, aliacha dadu zake.

"Mama Wafaa, unaosha vioo au unatuchoma?"

"Cheza mchezo wako, Labib."

"Nacheza vipi? Yule mhudumu amebeba sinia la makaa ya shisha na anaogopa kuvuka mlango. Tumechukuliwa mateka hapa."

Wanaume walicheka. Mhudumu kweli alikuwa amesimama jikoni na sinia lake, hatoki. Inshirah alisugua kwa magazeti mpaka mchana, na wino wa magazeti ukabaki kwenye mafuta, hata ukikaribia uliweza kusoma maneno. Zaghlul alitoka, akamshikia ngazi.

"Teremka, Mama Wafaa. Hujanikosea kitu. Nenda nyumbani upumzike."

Angemfokea ingekuwa afadhali. Inshirah aliteremka, akasimama mbele yake, na kichwa chake kilifika kwenye kifungo cha pili cha shati la Haji.

"Nipe mpaka Husum ipite. Vioo hivi nitavitoa mafuta leo kwa sabuni, na Husum ikija itavichafua tena vyote, utake usitake. Asubuhi ya baada yake nakuja. Ukiona mstari mmoja, mwite mtu wako wa Sidi Bishr, na mimi mwenyewe nitamshikia ngazi."

Zaghlul alifikiri. "Mpaka Husum," alisema.

Alilia njiani, tusifiche. Alilia kwa hasira, akipita katikati ya barabara na ndoo, na dereva wa teksi aliyempigia honi alijuta. Lakini alipofika mlangoni kwake alikuwa ameshajifuta uso, na ameshaamua kwamba hatalia tena kwa ajili ya kioo.

Gabir alisikia harufu kabla ya kumwona. Akainuka kwenye kochi, akauchukua mpira kwa mkono wa kushoto, akaupeleka dirishani, akaupitisha ukucha kwenye ulimi. Kisha akakaa. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya mke kumtoroka, na juu ya jina lake kuchekwa mtaani, lakini hayo yote yaliisha mbele ya mpira ule.

"Mafuta ya taa."

"Kidogo."

"Mafuta ya taa, Inshirah. Unajua mafuta yanaufanya nini mpira? Yanaula. Ulimi wa kufutia kioo unataka ukingo mkali, ulionyooka, wenye kona. Huu una kona? Huu umekuwa bamia. Maji na matone ya sabuni ya vyombo, basi, hakuna kingine. Hata siki usitie."

"Sasa si nitaugeuza upande wa pili?"

"Umelowa pande zote mbili, unageuza nini? Ungekuwa umechakaa upande mmoja, sawa, unaugeuza, kona ya pili inafanya kazi. Huu ni wa kutupa."

Inshirah alikuwa mtu wa sokoni, na alitambua bidhaa inapoanza kuteremka bei. Mumewe alikuwa ameapa hatamfundisha, na hapa alikuwa amemfundisha mambo matatu bila kuvuta pumzi.

"Basi nitakata ulimi mpya," alisema, kwa sauti ya kijinga kabisa. "Mkasi uko wapi?"

"Mkasi?" Gabir aliinuka tena. "Mkasi unabana, mpira unatoka umepinda. Unakatwa kwa wembe, mara moja, juu ya ubao, na mkono usisite."

"Na nikimaliza kuosha nauacha ndooni ukae na unyevu."

"Ukae ndooni ulale kwenye ukingo wake, upinde. Mungu nipe subira. Unausuuza kwa maji matupu, unaukausha kwa kitambaa, unautundika mbali na jua. Umeishi humu miaka yote hii, ulidhani ule msumari ni pambo?"

Na ikawa ndiyo shule. Kila jioni Inshirah alisema jambo la upuuzi, na kila jioni Gabir aliwaka. Alisema atanunua ulimi mgumu ili udumu, akaambiwa mgumu ni wa kiangazi, kioo kikiwa cha moto, na baridi hii inataka laini. Alisema ataanza kufuta hapohapo chumvi ilipo, akaambiwa chumvi na mchanga ni vya kusuuzwa kwanza kwa maji mengi, la sivyo chembe moja inautoboa ukingo, na tundu dogo kama la sindano litakuchorea mstari kutoka juu hadi chini. Mengine aliyajua tayari wakati anauliza. Alimchokoza tu kwa sababu Gabir akifoka alikuwa anakaa wima.

Alifanya mazoezi kwenye dirisha la jikoni, na la sebule, na la balkoni, kisha akapita kwa majirani akiwaoshea bure mpaka wakaanza kufunga milango. Mkono ulikua. Alijua kuikausha kona ya juu kwanza ili ulimi uwe na pa kuanzia, na kuupangusa ulimi kila baada ya mvuto. Lakini kulikuwa na mstari mmoja ambao haukuondoka. Kila mara, upande wa kulia, karibu na mwisho wa reli, maji yalibaki. Alibadilisha ulimi, yakabaki. Alikaza mkono, yakabaki na bega likamuuma. Gabir alikaa kwenye kochi akimwona, na juu ya mstari ule hakufoka. Inshirah alielewa kwamba hapo pana kitu ambacho mumewe hataki kukigusa.

Akakitafuta mwenyewe. Reli ilikuwa ndefu mno. Gabir aliukandamiza mwisho wake kwa mkono mrefu na bega pana. Mkono wake yeye ulifika, lakini uzito wake haukufika.

Siku iliyofuata alipanda tramu hadi Manshiyya, kwenye duka la vifaa, akataka reli fupi. Muuzaji alimletea ya alumini.

"Nyepesi hiyo, bi mkubwa. Hata mtoto anaiweza."

Inshirah aliiweka jichoni akaitazama kwa urefu kama mtu anayetazama bunduki, aone kama imenyooka. Akapitisha ukucha kwenye ulimi. Akaomba maji, akaujaribu kwenye kioo cha kaunta. Akaomba nyingine. Akairudisha, akaomba ya chuma, akaiinamisha, ikawa na bonde katikati.

"Bi mkubwa, unanunua mpira au samaki?"

"Vyote vinaoza. Huna ya shaba?"

"Shaba zinakuja ndefu tu. Nani siku hizi anataka fupi ya shaba?"

Alichukua ile ya alumini kwa kukosa la kufanya. Nyumbani ilimdhihaki. Ilikuwa fupi, ndiyo, lakini haikuwa na uzito wa kujilaza kwenye kioo, ikawa inatetemeka, na kila ilipotetemeka iliacha alama. Gabir aliitazama mara moja.

"Bati," alisema, akageukia ukuta.

Husum ilikuja kwa wakati wake. Mawimbi yalivuka barabara ya pwani, tramu zikasimama, na vyombo vya watu vikaruka kutoka kwenye balkoni. Inshirah alizunguka nyumba na reli mbili mikononi, moja ndefu mno kwake na nyingine isiyo na adabu, akijaribu kuamua ipi itamwaibisha kidogo. Alishaamua kwamba ataenda na ile ndefu na kuvuta kila sehemu mara mbili, hata kama bega litatoka mahali pake, wakati Gabir alipomwita. Upepo ulikuwa umeanza kupungua, na mwanga wa alasiri umerudi.

Alikuwa ameketi sakafuni balkoni. Mbele yake stuli, juu ya stuli reli ya shaba ikiwa imetolewa mpini na ulimi, na mkononi mwake wa kushoto msumeno wa chuma.

"Njoo ushike huku. Mimi nina mkono mmoja."

Inshirah alipiga magoti. Kwenye shaba kulikuwa na alama mbili zilizokwaruzwa kwa msumari, moja kila upande.

"Mstari wako unaanza hapa," alisema Gabir, akionyesha alama ya kulia. "Kila mara hapahapa. Nimeupima kwenye dirisha la jikoni ulipokuwa sokoni. Na upande huu nao tunapunguza sawasawa, ili mpini ukae katikati."

"Gabir. Hii reli ni yako."

"Shika vizuri."

"Ukiikata wewe utatumia nini?"

"Nimesema shika vizuri. Ikitingishika inakatika upande."

Akaanza kukata. Mkono wa kushoto haukuijua kazi, na msumeno uliruka mara kadhaa, na vumbi la shaba likamwangukia Inshirah kwenye magoti. Kipande cha kwanza kikaanguka kwenye vigae, wakageuza reli, na cha pili kikaanguka. Gabir alichukua tupa akalainisha ncha zote mbili zisikwaruze kioo, taratibu, akizihisi kwa kidole gumba.

"Daktari aliniambia mkono huu haupandi tena," alisema.

"Najua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia."

Tupa ikasimama. "Ulijua wakati wote?"

"Wakati wote."

Gabir alimtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, naye hakuyaficha. Kisha akamwomba ubao na wembe. Akamwonyesha jinsi ya kukata ulimi uwe mrefu kuliko reli kwa uchache, utokeze kidogo kila upande, kwa sababu ukifichika ndani, ncha za shaba zinagusa kioo na pembeni maji yanabaki. Lakini hakuukata yeye. Alimpa mkewe wembe, na mkono wa Inshirah haukusita.

Asubuhi bahari ilikuwa bado na hasira lakini imechoka. Vioo vya Zaghlul vilikuwa vyeupe kabisa, kama vimepakwa chokaa. Labib alikuwa kwenye meza yake.

"Mama Wafaa, leo umeleta nini, petroli?"

"Leo nimeleta maji. Kaa mbali usije ukaogeshwa, ni muda mrefu hujaoga."

Alimwaga ndoo baada ya ndoo mpaka maji yaliyoteremka yakawa safi na hayana ladha ya chumvi. Aliyaonja kwa ncha ya kidole. Akapaka sabuni. Akapanda ngazi, akaikausha kona, akauweka ulimi, akavuta. Shaba ilijilaza kwenye kioo yenyewe. Kwenye mwisho wa kulia maji yaliondoka pamoja na mengine, na nyuma yake bahari ikatokea. Inshirah aliushikilia mpira hewani kidogo, akiangalia mahali pale ambapo mstari ulikuwa unakaa.

Kisha akaendelea, kwa sababu vioo vilikuwa vingi na jua halimngojei mtu. Alifika karibu na mwisho alipomwona Gabir akija kutoka kituo cha tramu, amevaa koti, mkono mmoja wa koti ukining'inia. Hakuwa ametoka nyumbani tangu arudi kutoka hospitali. Watu walisimama kumsalimia, Zaghlul akamkumbatia upande mzima, akamvuta ndani na kumkalisha karibu na kioo cha katikati.

Inshirah alimaliza cha mwisho, akaingia ndani na ndoo yake. Zaghlul alikuwa tayari ameanza kukagua. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho, akatembea kutoka kioo hadi kioo. Kwenye kioo cha mwisho alisimama.

"Fundi," alimwambia Gabir, "pale juu, pembeni kabisa. Si mstari, ni tone limeteremka. Hebu mwambie."

Gabir aliangalia. Aliliona tone, hakuna jicho kama lake mjini. Akarudi kwenye chai yake.

"Mwambie mwenyewe, Haji. Kazi ni yake."

Labib hakuwa na maoni. Inshirah alikuwa ameshachukua ngazi. Alitoka nje, akapanda, akalifuta tone kwa kitambaa kikavu kilichozungushwa kwenye kidole, akateremka akarudi ndani akimtazama Zaghlul usoni.

"Awwa inakuja baada ya wiki mbili," Zaghlul alimwambia. "Asubuhi ya baada yake nikuone mapema, kabla hujaenda duka la dawa. Wao pia wameniuliza."

"Utaniona."

Akaukausha mpira, akautazama ulimi, akakaa kwenye kiti kando ya mumewe maana miguu ilikuwa imekwisha. Gabir alikuwa ameshika bilauri kwa mkono wa kushoto na anatazama nje. Ameosha vioo vile tangu baba yake Zaghlul yuko hai, na kwa miaka yote hiyo alikuwa upande wa nje, ameipa bahari mgongo, au ndani amesimama akifuta kwa haraka kabla wateja hawajafika. Hakuwahi kukaa kwenye kiti kile.

"Kumbe ukiwa hapa bahari inaonekana hivi," alisema.

"Zamani ilikuwa haionekani," alisema Labib bila kuinua macho kwenye dadu zake. "Ulikuwa unaosha wewe."

Mkahawa mzima ulimgeukia Gabir. Naye akacheka. Alicheka mpaka bega likamuuma, akalishika kwa mkono mzima huku anacheka, na Inshirah, ambaye hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu kabla ya dhoruba ya Ufagio, alimwacha acheke, akamwita mhudumu amletee na yeye chai.